Msituambie Tuvumilie Mpaka Amalize

Mwanamke akiolewa na mwanafunzi wa udaktari, au mumewe akirudi darasani kusomea udaktari wakati tayari wana watoto, kuna maneno humfuata kila aendako: vumilia, akimaliza mtapumzika. Atayasikia kwa mama mkwe, kwa mawifi, kwa mchungaji, kwa shangazi aliyeshika maikrofoni kwenye kichen pati. Atayasikia kwa watu wasiojua hata jina la chuo anachosoma mumewe. Mvumilivu hula mbivu, mwanangu. Miaka mitano ni kitu gani? Wewe kesho ni Mama Dokta.

Wanaosema hivyo wana nia njema, na ndiyo maana maneno haya yamedumu. Lakini mimi ni mke wa mwanafunzi wa udaktari, ninayasikia karibu kila wiki, na ninasema si kweli. Hesabu inayakataa, maisha ya ndani ya nyumba yanayakataa, na siku mambo yakiharibika mahakamani hayana msaada wowote. Tena yanaumiza watu, na wa kwanza kuumia ni huyo huyo anayeambiwa avumilie.

Tuanze na hiyo siku ya kumaliza. Ni ipi?

Shahada ya udaktari hapa Tanzania ni miaka mitano, kwa ambaye hajashikwa na sapu wala kurudia mwaka. Ikiisha, unafuata mwaka mmoja wa utarajali, na hospitali atakayopangiwa si lazima iwe katika mji ambao mke na watoto wanaishi. Utarajali ukiisha, anaanza kutafuta ajira, na hapo ndipo wengi hushtuka. Machi 2017, baada ya mgomo wa siku 100 wa madaktari wa Kenya, Serikali ya Kenya iliiomba Tanzania madaktari 500. Walikuwapo wa kuomba nafasi hizo, wana vyeti mkononi na hawana kazi. Mpango ulipozuiwa na shauri lililofunguliwa mahakamani nchini Kenya, Rais John Magufuli aliamua 258 kati ya walioomba waajiriwe hapa nyumbani. Madaktari 258 wakapata ajira ya serikali kwa sababu nchi jirani ilikuwa na mgogoro. Wote walikuwa wamekwisha kumaliza. Kenya kwenyewe, mwaka 2024, madaktari waligoma tena, na moja ya hoja kubwa ilikuwa malipo ya madaktari tarajali: serikali ilitaka kulipa shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi, wakati mkataba wa 2017 ulitaja zaidi ya 200,000.

Ajira ikipatikana, aliyesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Na kabla deni halijaisha, daktari huyo anaanza kuona wenzake wanarudi shule, kwa sababu bila ubingwa ngazi zina mwisho wa karibu. Ubingwa ni miaka mitatu au zaidi. Baada ya ubingwa kuna ubobezi. Chukua mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa mwaka wa kwanza. Baba akisoma bila kukwama, akafanya utarajali, akafanya kazi miaka miwili tu halafu akaenda kusomea ubingwa, mtoto huyo atakuwa anamaliza darasa la tano siku baba yake anapovaa joho la pili. Utoto wake wote utakuwa umepita nyumba nzima ikisubiri.

Sisemi haya kumkatisha mtu tamaa ya kusoma. Nchi yetu inahitaji madaktari, na ninajivunia mmoja anayekuja. Ninachokataa ni kuwaambia watu kwamba kipindi hiki si maisha, kwamba ni daraja tu la kufikia maisha. Ndoa ya miaka hii ndiyo ndoa yenyewe. Hakuna nyingine iliyowekwa kando ikitusubiri.

Mume wangu alikuwa tabibu wa zahanati binafsi kabla ya kurudi chuoni. Wengi hawajui kuwa darasa la udaktari lina watu kama yeye: walioanza na stashahada, wakafanya kazi miaka mingi vijijini, wakaoa, wakazaa, kisha wakakaa benchi moja na vijana waliotoka kidato cha sita juzi. Kijana akitoka wodini anarudi bweni. Mume wangu anarudi kwenye chumba na sebule tulizopanga, wanakoishi watoto wawili na mke mwalimu wa sekondari mwenye marundo ya madaftari ya kusahihisha.

Akitoka zamu ya usiku hulala asubuhi, na dirisha la chumba chetu linaangalia njia. Muuza mkaa anapita akinadi, wa maji anapita na toroli, fundi viatu anapita akigonga kibao chake. Siku za likizo za shule, kazi yangu ya asubuhi ni kukaa mlangoni na kuwaomba wapunguze sauti kabla hawajafika usawa wa dirisha. Wamenizoea, wengine hunyamaza wenyewe. Mtoto wetu wa pili ananong'ona hata akiwa kwa bibi yake, ambako hakuna mtu aliyelala. Koti jeupe halianikwi nje kwa sababu ya vumbi. Linaning'inizwa juu ya kitanda cha watoto na kupigwa pasi usiku umeme ukiwepo. Kijitabu chake cha saini za wakufunzi kinakaa juu ya kabati, mahali pekee ambapo mkono wa mtoto haufiki, maana ukurasa ukipotea ni kuanza kuwatafuta upya waliosaini.

Hayo ni mambo ya nyumba, na nyumba yoyote ina yake. Ila kuna kazi nyingine ambayo sijawahi kusikia inasemwa hadharani.

Siku mume wangu alipopata barua ya chuo, ukoo mzima ulipata mahali pa kupeleka wagonjwa. Haukungoja amalize. Mjomba mwenye tezi dume, binamu ambaye mwanawe ana kifafa, shangazi mwenye sukari na kidonda mguuni kisichopona, wote walipanda basi la usiku wakaja na karatasi ya rufaa ndani ya mfuko wa rambo na gunia dogo la maharage. Wanakuja kwa "daktari wetu". Daktari wao yuko wodini, ni mwanafunzi, hana uwezo wa kumruka mtu hata mmoja kwenye foleni. Anayewapokea stendi ni mimi. Anayejua dirisha la kuhakiki kadi ya bima ni lipi, na kwamba karatasi ya vipimo isipogongwa muhuri asubuhi utarudi kesho, ni mimi. Ninapika uji wa ulezi usio na sukari kwa ajili ya shangazi na mwingine wenye sukari kwa ajili ya watoto, natandika godoro sebuleni, na saa moja asubuhi niko mbele ya darasa nikifundisha Kiswahili. Shangazi alipopata nafuu alirudi nyumbani akasimulia kanisani jinsi mwanawe daktari alivyomtibu. Nilifurahi kupona kwake, na nilifurahi kweli. Lakini naomba iandikwe mahali kwamba shangazi yule alihudumiwa na mwalimu.

Hapa ndipo ushauri wa kuvumilia unapofanya madhara yake makubwa. Kazi yote hiyo inahesabiwa kuwa ni subira, na subira ni tabia njema, na tabia njema hailipwi wala haipangiwi zamu. Mke anaambiwa anasubiri wakati anafanya kazi. Anaendesha nyumba kwa mshahara mmoja, anapokea wagonjwa wa ukoo, anamlea mtu mzima aliyechoka, anasimama kama mzazi pekee kwenye vikao vya shule. Kisha anasifiwa kwa kunyamaza. Ingekuwa tunaiita kazi, tungeuliza nani anaisaidia, inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, na nani mwingine katika ukoo ana sebule.

Madhara ya pili yanampata mwanafunzi mwenyewe, na haya mashangazi hawayaoni kabisa. Mwanamume aliyeambiwa kila siku kwamba mkewe anateseka kwa ajili yake, na kwamba siku ya mahafali ndiyo siku ya kulipa, anabeba deni lisilo na kiwango. Akishikwa na sapu, haogopi somo tena, anaogopa kurudi nyumbani. Wapo wanaoficha. Wapo wanaojifanya wako maktaba kumbe wamekaa nje ya geti la chuo kwa sababu hawajui watamtazamaje mwenzao. Hata wakimaliza, deni hilo haliishi: kila ugomvi, hata wa chumvi kwenye mboga, utafika kwenye "nilikuvumilia". Mapenzi hayawezi kukaa na daftari la aina hiyo ndani ya nyumba moja kwa miaka kumi na moja.

Na kuna mazungumzo yanayoahirishwa. Tuzae wa tatu au basi? Mdogo wako ataendelea kukaa kwetu mpaka lini? Mbona huniulizi habari za kazi yangu? Jibu ni moja: tutaongea ukimaliza mitihani. Mitihani ya udaktari haina mwisho. Kuna ya muhula, kuna ya mwisho wa kila idara, kuna ya kusimamishwa kando ya kitanda cha mgonjwa na kuulizwa maswali mbele ya wenzako. Watu wawili wakiacha kuongea miaka mitano, mwaka wa sita hawaanzi kuongea ghafla kwa sababu mmoja wao amepata cheti. Wanakuwa wamekwisha kujifunza kuishi bila kuongea, na wanajua kufanya hivyo vizuri.

Sasa angalia tunawaambia nini wanaume ambao wake zao ndio wanasoma. Hakuna anayewaambia wavumilie. Wanaambiwa: ukimsomesha mwanamke, akipata shahada atakuacha. Karibu na kwetu kuna fundi magari ambaye mkewe yuko mwaka wa tatu. Kipindi mtoto wao akinyonya, fundi yule alikuwa anafunga gereji kwa muda, anamfunga mtoto mgongoni kwa khanga juu ya ovaroli yenye grisi, anapanda bodaboda na kumpeleka getini anyonye wakati wa mapumziko ya mama. Wanaume wenzake walimcheka waziwazi. Walimwambia anamlelea mtoto mwanamume mwingine ambaye bado hajajitokeza. Sijaona ukatili wa maneno kuliko huo, na waliousema ni watu wanaokwenda msikitini na kanisani.

Wanaomtisha fundi na wanaonituliza mimi wanaamini kitu kimoja. Wote wanaamini kuwa mwenzi wa mwanafunzi ametoa mkopo. Mwanamke anaambiwa mkopo wake utalipwa, kwa hiyo atulie. Mwanamume anaambiwa wake hautalipwa, kwa hiyo asitoe. Hakuna hata mmoja anayeambiwa kwamba ana mume au mke leo, na kwamba ana haki ya kuwa na ndoa leo.

Kama kweli ni mkopo, basi tuutazame kwa macho ya sheria, tuone kama kuna anayeudhamini.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja ndoa inapovunjika, na inataka uangaliwe mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi. Kwa miaka mingi majaji walitofautiana kama kazi za nyumbani ni mchango. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilimaliza ubishi huo: kazi za mke nyumbani ni mchango. Kila mwanamke wa nchi hii anapaswa kulijua shauri hilo kwa jina, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao alioudai, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia zilikuwa zimepotea mikononi mwake. Lakini ndoa ikivunjika mwezi ambao cheti kimetoka, kuna nyumba gani ya kugawa? Kuna shamba gani? Kilichochumwa kwa miaka yote ni maarifa ya mtu mmoja. Mwenzake ataingia kwa hakimu na risiti za kodi ya chumba.

New York, Marekani, swali hilo lilifika mahakamani likiwa wazi kabisa. Michael na Loretta O'Brien walioana 1971, wote wawili walimu wa shule moja. Mume alikwenda kusomea udaktari Guadalajara, Mexico. Mke alimfuata, akafundisha huko ili waishi, na kwa kufanya hivyo akaiacha nafasi ya kupata cheti chake cha kudumu cha ualimu. Mahakama ilikuta kwamba, ukiacha mkopo wa masomo wa dola 10,000, asilimia 76 ya kipato cha nyumba ile ilitoka kwa mke. Mume alipata leseni ya udaktari Oktoba 1980. Desemba mwaka huo huo akafungua shauri la talaka. Hawakuwa na kitu cha maana zaidi ya ile leseni. Mahakama ya mwanzo ilikadiria thamani yake kuwa dola 472,000 na kumpa mke asilimia 40, na mwaka 1985 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikakubali kwamba leseni iliyopatikana ndani ya ndoa ni mali ya ndoa. Uamuzi huo haukupata wafuasi wengi kwenye majimbo mengine, na New York yenyewe ilibadili sheria: tangu 2016 thamani ya leseni au shahada haigawanywi tena kama mali, ingawa jaji anaweza kuuzingatia mchango wa mwenzi anapogawa vitu vingine.

Kwa hiyo hata pale ambapo sheria ilithubutu kwenda mbali kiasi hicho, ilirudi nyuma. Nani basi anayemdhamini binti wa watu anapoambiwa aache kazi yake Songea, amfuate mume Dar es Salaam, avumilie, atalipwa? Ni shangazi wa kichen pati? Ni mama mkwe?

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa udaktari si kazi kama nyingine, kwamba mama anayevuja damu wodi ya wazazi usiku wa manane hawezi kungoja watu wale chakula cha jioni pamoja. Nakubali kwa moyo wote. Simu ya aina hiyo ikilia nyumbani kwetu, mimi ndiye ninayetafuta viatu. Mgonjwa hajawahi kuwa shida ya ndoa yetu. Shida ni mengi yanayojificha nyuma ya mgonjwa. Ratiba ya zamu inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku kwa ajili ya kesho asubuhi haimwokoi mgonjwa yeyote. Mtihani unaosogezwa mbele siku moja kabla haumwokoi mgonjwa yeyote. Mwanafunzi anayejifungua analazimika kuchagua kati ya kurudi darasani kidonda hakijapona na kuahirisha mwaka mzima, wakati sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi na kuna sababu za kitabibu nyuma ya siku hizo. Vyuo vinavyofundisha sababu hizo darasani vingeweza kuzitumia kwa wanafunzi wao wenyewe.

Nyumbani kwetu tumebadilisha mambo. Kozi yangu ya uzamili, ambayo wote walitaka ingoje, imeanza, kwa masomo ya jioni, na ada yake inatoka kwenye mfuko ule ule unaotoa ada ya mume wangu. Wagonjwa wa ukoo wanakuja bado, lakini shemeji anayeishi Tabata, mwenye vyumba vitatu, naye sasa ana zamu yake ya kuwapokea, na zamu hiyo alipangiwa na kaka yake, kwenye kikao, mbele ya wazee. Haikuwa rahisi. Wazee walinitazama mimi muda wote alipokuwa anaongea yeye.

Kwa wenzangu wanaojiandaa kuolewa au kuoa katika hali hii, ningewasihi wakae chini kabla ya harusi na kuyaandika yanayoandikika: nani analipa nini, kazi ya nani itahamishwa na kwa muda gani, nani atasoma baadaye na fedha itatoka wapi, na kiwanja kikinunuliwa jina la nani litakuwa kwenye hati. Wote wawili waweke saini. Watu watasema mnaanza ndoa kwa kutoaminiana. Waacheni waseme, wao hawatakuwapo mwaka wa nne.

Na kwa wakuu wa vyuo vya tiba, ombi langu ni dogo kuliko mnavyodhani. Siombi mpunguze masomo wala mlegeze mitihani. Naomba mtambue kwamba sehemu ya wanafunzi wenu wana wenzi na watoto, muwaulize hivyo siku ya usajili, mwanafunzi anayejifungua apangiwe mitihani yake bila kupoteza mwaka, na ratiba za zamu zitolewe mapema. Ofisi zenu zina namba za simu za wanafunzi wote. Ujumbe mmoja kila Ijumaa, wenye ratiba ya wiki mbili zijazo, ungetosha kwa kuanzia.